Chujio Lililotafuta Saratani Likakamata Kichocho

Wavuvi wa Lamadi na Nassa, pale mkoa wa Simiyu unapoligusa ziwa, hawahitaji profesa wa kuwaeleza jambo hili: wavu wa sangara hauvui dagaa. Tundu la wavu ndilo linaloamua nani apite na nani abaki. Ukikosea tundu utarudi nyumbani mikono mitupu, hata kama ziwa limejaa samaki.

Makala haya yanahusu wavu mwingine, mdogo mno, ambao matundu yake huyaoni kwa macho. Ulitengenezwa Marekani katika miaka ya 1960, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuvua seli za saratani ndani ya damu ya binadamu. Saratani, ndo hiyo hiyo kansa tunayoitaja kwa sauti ya chini vijiweni. Katika kazi hiyo wavu ule haukufua dafu. Lakini ulisafiri, ukaja Afrika, ukavua kitu kingine. Na kitu hicho, kwa mtu wa Bariadi, Maswa, Itilima au Meatu, kinahusu kansa vilevile, tena kansa inayoweza kuzuiwa miaka mingi kabla, kwa fedha kidogo. Twende taratibu, ndugu msomaji, maana historia hii ina kona nyingi.

Mbegu katika upepo

Mwaka 1869, mjini Melbourne, Australia, daktari aitwaye Thomas Ashworth aliichunguza maiti ya mwanamume aliyekuwa na uvimbe mwingi chini ya ngozi ya kifua na tumbo. Alichota damu kwenye mshipa wa mguu, akaitazama kwa darubini. Humo akaona seli zinazofanana kabisa na zile za kwenye uvimbe. Akajiuliza swali ambalo hata mimi na wewe tungejiuliza: zimefikaje mguuni? Kama zimetoka kwenye uvimbe wa kifuani, basi zimesafiri karibu njia yote ya damu.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1889, daktari wa London aitwaye Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Aliona kwamba ugonjwa haukusambaa ovyo. Ulipenda viungo fulani na kuviacha vingine. Akasema seli za saratani ni kama mbegu: hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu udongo unapozikubali. Mkulima wa pamba wa Bariadi angemwelewa Paget siku hiyo hiyo, bila mkalimani.

Hapo ndipo tamaa ilipozaliwa. Kama mbegu inapita kwenye damu kabla ya kuota, kwa nini tusiidake njiani? Kuthibitisha kansa kwa kawaida kunataka kipande cha nyama: daktari akate, kipande kilowekwe dawa, kikatwe vipande vyembamba, kipakwe rangi, kisha mtaalamu wa kusoma nyama za mwili akitazame. Wataalamu hao ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Damu je? Damu inataka sindano na chupa tu. Mtu anatolewa damu asubuhi, anarudi shambani mchana.

Rahisi kusema. Sasa wewe fanya hesabu. Mililita moja ya damu, yaani matone kama ishirini, ina chembe nyekundu zinazokaribia bilioni tano, na juu yake chembe nyeupe milioni kadhaa. Seli za saratani katika mililita hiyo, hata kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umeshasambaa, zinaweza kuwa kumi, zikawa moja, au zikakosekana kabisa. Ni sawa na kumtafuta mtu mmoja katika umati unaozidi nusu ya watu wote wa dunia, tena umati wenyewe unatembea. Si mchezo.

Homa ya miaka ya 1950

Hata hivyo watu walijaribu. Mwaka 1955 daktari wa Denmark, H. C. Engell, alichapisha utafiti uliosema kwamba seli za saratani zimeonekana katika damu ya wagonjwa waliokuwa wakifanyiwa upasuaji. Baada ya hapo ikawa kama mbio za dhahabu. Maabara nyingi za Ulaya na Marekani zikatangaza kuwa nazo zimeziona.

Kufikia katikati ya miaka ya 1960 wenzao waliketi, wakazitazama upya zile slaidi. Loo! Nyingi ya zile "seli za saratani" zilikuwa chembe za kawaida za damu, zile kubwa kubwa zinazotoka ndani ya mifupa. Walioziona hawakuwa waongo. Macho yalikuwa yanatamani, na macho yanayotamani huona. Somo lililobaki ni hili, na tutalihitaji mbele: kukamata si kutambua. Unaweza kujaza wavu halafu usijue umevua nini.

Katika homa hiyo alikuwepo mtafiti wa New York, S. H. Seal. Yeye alifikiri kama mvuvi. Chembe nyekundu ina upana wa sehemu saba au nane hivi ukiigawa milimita moja mara elfu, na ni laini, inajikunja na kupenya. Seli nyingi za saratani ni kubwa zaidi na ngumu zaidi. Basi, ipitishe damu kwenye chujio lenye matundu ya kipimo kimoja: ndogo zipite, kubwa zibaki. Tatizo ni kwamba chujio la namna hiyo halikuwepo. Karatasi ya kuchujia ni kama kichaka; ina njia pana, ina njia finyu, na nyingine zimeziba.

Msaada ulitoka kwa watu wasiojihusisha na tiba hata kidogo. Huko Schenectady, jimbo la New York, katika maabara ya kampuni ya General Electric, wanafizikia watatu, Robert Fleischer, Buford Price na Robert Walker, walikuwa wakichunguza alama zinazoachwa na vipande vya atomu za urani vinapopasuka na kupenya kwenye mawe na plastiki. Waligundua kwamba ukiichovya plastiki iliyopigwa hivyo ndani ya kostiki soda, ile ile wanayotumia akina mama wanaotengeneza sabuni, kila alama inaliwa na kuwa tundu. Ukiiacha kidogo, tundu dogo. Ukiiacha sana, tundu kubwa. Yote yanalingana kama yamepigwa na fundi mmoja. Mwaka 1964 walitangaza chujio jipya la kuchujia vitu vya kibaolojia, na mwaka huo huo Seal naye alichapisha habari za chekecheo lake la kutenga seli za saratani na damu. Baadaye utando huo wa plastiki uliingia madukani kwa jina la Nuclepore.

Je, kansa ilikamatwa? Kiasi. Chembe nyeupe kubwa nazo zilibaki juu ya chujio, na seli za saratani zilizo ndogo zikapita. Aliyeketi kwenye darubini alirudi pale pale pa miaka ya 1950: hii ni nani, na ile ni nani? Chujio likabaki maabara, hospitali zikaendelea na kisu.

Yai lenye mwiba

Kitu kizuri hakikosi kazi. Katika miaka ya 1970 watafiti wa magonjwa ya nchi za joto walilichukua chujio hilo, na badala ya damu wakapitisha mkojo. Walichokuwa wanakitafuta kilikuwa kikubwa mno kikilinganishwa na seli: yai la mnyoo wa kichocho. Urefu wake ni kama sehemu ya saba ya milimita, na lina mwiba mkiani. Ukiliona mara moja hulisahau. Hapa ule ugonjwa wa kutambua ukawa umepona, maana hakuna chembe ya mwili wa binadamu inayofanana na yai lenye mwiba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaonekana hata ile plastiki ya urani si lazima. Kitambaa cha nailoni kilichofumwa vizuri kinatosha, na kinaoshwa na kutumiwa tena. Kazi yenyewe ni hii: mkojo wa mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane, kwa sababu ndipo mayai yanapotoka kwa wingi. Vuta mililita kumi kwa bomba la sindano. Funga kishikio chenye chujio, sukuma. Toa chujio, weka kwenye kioo, hesabu. Ukipata mayai hamsini au zaidi, huyo ana kichocho kikali. Basi. Hakuna umeme unaohitajika ukiwa na darubini ya kioo cha kuakisi jua.

Na mayai hayo Usukumani hayakuanza jana. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga, na enzi za ukoloni eneo lote lilikuwa ndani ya Jimbo la Ziwa. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma: ng'ombe wapunguzwe, matuta yalimwe kwa amri, pamba iongezeke, na malambo yachimbwe. Mambo mengi ya mpango huo wananchi waliyakataa hadi yakafa. Lambo hawakulikataa. Nani atakataa maji katika nchi ya kiangazi kirefu? Ng'ombe wakanywa, wanawake wakachota, watoto wakaogelea. Na konokono akahamia.

Konokono anayebeba kichocho cha mkojo katika nyanda hizi ana ujanja wake. Mwaka 1962 mtafiti G. Webbe, aliyefanya kazi Mwanza, alichapisha habari za jinsi kichocho kinavyoenezwa katika Jimbo la Ziwa. Madimbwi na malambo yanayokauka kila mwaka ndiyo yaliyokuwa kiwanda. Kiangazi kikija konokono hujifukia kwenye tope, analala miezi. Mvua ikirudi anaamka kama hakuna lililotokea. Mtoto mmoja akikojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinazaana humo, vinatoka kwa maelfu na kutoboa ngozi ya yeyote aliye ndani ya maji.

Sasa kansa inaingilia wapi? Mnyoo hautagi mayai yote yakatoka. Mengi hunasa katika ukuta wa kibofu, na kibofu kinapigana nayo miaka na miaka: kidonda, kovu, kidonda tena. Mwaka 1911 daktari A. R. Ferguson, huko Cairo, alisema wazi kwamba kichocho na saratani ya kibofu vinakwenda pamoja. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liliuweka mnyoo huo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lile lile la sigara.

Usidhani ni mambo ya Misri tu. Mwaka 2013 madaktari wa Bugando, Mwanza, hospitali ambayo ndiyo rufaa yetu watu wa Kanda ya Ziwa, walichapisha mapitio ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu. Wanaume na wanawake walikaribia nusu kwa nusu. Zaidi ya nusu walikuwa na ile aina ya saratani inayohusishwa hasa na kichocho, ambayo nchi zisizo na kichocho huiona kwa nadra. Na katika nyama zilizokatwa kwa wagonjwa, wanne kati ya kila kumi, au zaidi kidogo, walikutwa na mayai. Yai lenye mwiba, limekaa pale pale ndani ya kansa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 54 hivi. Yaani watu walioogelea malambo wakiwa watoto, wakasahau.

Bei ya plastiki na bei ya safari

Turudi kwenye damu, maana huko nako hawakulala. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu mashine iitwayo CellSearch itumike hospitalini. Hiyo haichuji kwa tundu. Inatia kwenye damu chembe ndogo sana za chuma zilizopakwa kingamwili zinazong'ang'ania seli za saratani, halafu sumaku inavuta. Katika mililita saba na nusu za damu ya mgonjwa wa saratani ya matiti iliyosambaa, kukuta seli tano au zaidi ni dalili kwamba hali yake ni mbaya zaidi. Angalia: inapima aliyekwisha kujulikana kuwa mgonjwa. Haimgundui mapema asiyejijua. Mwaka 2007 watafiti wa Boston wakaja na kibao kidogo chenye vijiti 78,000, damu inapita katikati yake na seli zinanata. Tangu hapo maabara nyingi duniani zinashindana kupunguza gharama, kwa plastiki ya kumimina, kwa karatasi, kwa utando wenye matundu kama ule wa Seal.

Wengine wameazima akili kwa watoto. Mwaka 2017 kundi la Manu Prakash, katika Chuo Kikuu cha Stanford, lilitangaza mashine ya karatasi ya kuzungushia damu, inayogharimu senti 20 za dola. Ni ule mchezo wa kifuniko cha soda na uzi: unavuta, kinalia vuuu, unalegeza, unavuta tena. Wao wakaweka mirija ya damu juu yake, na damu ikajitenga kwa chini ya dakika mbili. Na hapa kwetu Muhimbili, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na hospitali ya Lacor ya Uganda, wamekuwa wakichunguza damu ya watoto wenye uvimbe wa tezi, si kwa kutafuta seli nzima bali vipande vya DNA vinavyoachwa na kansa. Kazi hiyo inastahili kupigiwa makofi.

Lakini tuulizane bila kuoneana haya. Rahisi ni nini? Tuseme kesho chujio la kudaka seli za saratani limefika zahanati ya kijiji huko Itilima, na bei yake ni ya soda moja. Muuguzi amechuja, kimebaki kitu. Nani atakitambua? Akishatambua, nini kinafuata? Mgonjwa anapanda basi Bariadi, anapita Lamadi, anapita Magu, anafika Mwanza. Analala wapi? Nani anabaki na watoto na ng'ombe? Kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake. Sasa Bugando nayo inayo, na hilo si haba, ila bado ni safari, ni nauli, ni wiki nyingi nje ya nyumba. Plastiki ilikuwa sehemu ndogo ya bei. Gharama ilikuwa inakusubiri mlangoni.

Linganisha na lile yai. Likionekana, dawa ni prazikwanteli, vidonge vinavyomezwa siku moja. Mashuleni tangu katikati ya miaka ya 2000 vimekuwa vikigawiwa bure, na kwa kuwa mizani haipo kila mahali, mtoto anasimamishwa kwenye mti uliochorwa alama: kimo chake ndicho kinachosema apewe vidonge vingapi. Aliyelikamata yai leo amekamata kansa ya miaka thelathini ijayo, ikiwa bado haijawa kansa. Hakuna chujio la damu duniani linaloweza kujivunia hivyo.

Na kuna chombo rahisi kuliko nailoni. Huko Kilosa, mkoani Morogoro, watafiti walipeleka karatasi mashuleni kwa njia ya kawaida ya elimu, mwalimu akawauliza watoto: katika siku hizi umeumwa nini? Homa? Kuharisha? Kikohozi? Damu kwenye mkojo? Swali la kichocho lilifichwa katikati ya mengine ili mtoto asijue kinachotafutwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Karatasi zile ziliweza kuzitenga shule zenye kichocho na zisizo nacho, vizuri kiasi cha kuokoa gharama za kupeleka vipimo kila mahali. Swali moja, kwa Kiswahili cha kawaida, likafanya kazi ya chujio. Ninyi mnaojifunza kushika kalamu, lipimeni hilo: aliyeandika lile swali aliandika sentensi fupi, lakini ilijua inatafuta nini, na aliyeulizwa hakuona aibu kuijibu.

Aibu ndiyo adui. Zipo sehemu nyingi za Afrika ambako kijana akikojoa damu huambiwa ndo anakua, na anacheka nao. Mwanamke akiona damu, anadhani ni mambo ya kila mwezi, au anaogopa ataambiwa amepata ugonjwa wa zinaa. Kwa hiyo anayejua hasemi, na asiyejua anacheka, na yai linaendelea kukaa.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake: mahali penye kichocho kingi dawa isiishie kwa wanafunzi, ipewe kila mtu kuanzia mtoto wa miaka miwili hadi mtu mzima. Ni mwongozo mzuri. Lakini mwongozo hauogelei lambo, wala haujui nyumba ya nani iko wapi. Mtoto wa shule huulizwa na mwalimu, akapimwa kimo, akameza. Baba yake, aliyechunga ng'ombe katika lambo hilo hilo mwaka 1980 akiwa na miaka kumi, hakusimamishwa kwenye mti wowote. Sasa ana miaka hamsini na ushee, yumo katika umri ule ule wa wagonjwa wa Bugando. Mama naye vivyo hivyo, alichota maji pale kila asubuhi.

Likizo hii wengi wenu mtapanda mabasi kurudi nyumbani, Maswa, Meatu, Bariadi na kwingineko. Hamna chujio mfukoni, na hakuna anayewadai mlibebe. Lile swali la Kilosa mnaweza kulibeba. Muulizeni mzee mkiwa wawili tu, kwa heshima, kwa lugha ya nyumbani, kama amewahi kuona damu kwenye mkojo. Akisema ndiyo, msimpe hotuba. Mpelekeni zahanati na mkojo wa mchana.